Jina la Mtumaji

San Agustín de Cajas
Jumamosi, 24 Februari 2024

Mdogo wangu Zósimo,

Tumepoteza kofia kumi na moja. Ziliondoka Huancayo kwa basi Alhamisi tarehe mosi Februari, kila moja ndani ya sanduku lake, zikielekea huko huko kusini uliko wewe: Tacna, Ilo na Moquegua. Hakuna hata moja iliyofika. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ukifungua barua yangu unaruka salamu unatafuta shida iko wapi. Shida ndiyo hiyo. Sasa tulia usome salamu kama mtu aliyelelewa.

Hatujambo. Mama yu mzima, anakula, anakusalimu. Mvua mwaka huu imezidi. Ukuta wa upande wa mto ulimeguka, nimeujenga upya. Simbilisi tunaowafuga jikoni kwa nyama wamezaana mpaka sina pa kukanyaga. Mama mdogo Herlinda amemwozesha binti yake wa mwisho, na pale harusini kila mtu aliniuliza uko wapi. Nikasema uko kazini. Ndani ya sanduku hili kuna jibini na jozi mbili za soksi. Baba alituzoesha kwamba nyumba hii haitoi sanduku bila barua wala barua bila sanduku, na mimi sijaacha, hasa kwa kuwa mwenzangu wewe ulibadilisha namba ya simu wiki ile ile ya mazishi ya baba na hii ndiyo njia pekee uliyoniachia.

Sasa kofia. Tangu watu waanze kuagiza kwa simu, natuma ishirini na tano kwa wiki, wakati mwingine zaidi. Nilikuwa naandika anwani kwa kalamu nene, moja moja, mpaka kidole gumba kikavimba. Desemba nikaenda Huancayo kutafuta mashine ya kuchapa lebo. Muuzaji alinionyesha mbili. Ndogo haitumii wino kabisa: karatasi yenyewe inageuka nyeusi pale joto linapoigusa. Kubwa inatumia utepe wa wino, na bei yake ni mara mbili. Akaniambia, "Dada, ununue wino wa nini wakati karatasi inajichoma yenyewe?" Nilipiga hesabu pale pale dukani: soli mia tatu dhidi ya mia sita na ushei, na kila lebo inapungua karibu nusu ya gharama. Nikachukua ndogo. Desemba na Januari nilituma kofia Lima na Jauja, zikafika kesho yake bila neno.

Halafu ikaja safari hii ya kusini. Tope lilishuka mlimani likafunga barabara, masanduku yakakaa siku nane kwenye stoo ya Lima, na tangu hapo hayajulikani. Ofisi ya basi wanasema hawana mzigo wenye majina niliyowatajia. Kumi zilikuwa nyeusi, za watu wa bonde letu waliohamia huko, walizihitaji kwa ngoma ya kanivali. Don Eladio wa Tacna alinipigia: "Dada Nélida, tumecheza vichwa wazi kama mayai, na wenyeji wametucheka mpaka leo." Ya kumi na moja ilikuwa ya kahawia, kipimo cha kichwa namba 58, ya mzee mmoja wa Ilo. Pesa zote nimerudisha.

Wewe unashika mizigo ya watu kutwa nzima. Niambie: lebo ipi inafika ikiwa inasomeka? Nibaki na mashine hii, ninunue ile ya utepe, au nirudie kalamu? Nijibu kama karani wa stoo, si kama ndugu, maana kwa undugu sijapata jibu huu mwaka wa pili.

Na kabla hujauliza: ndiyo, lebo zinatoka na majina yetu wawili, Nélida na Zósimo Orihuela, watengeneza kofia. Ulitaka tuuze karakana, mimi nikakataa, ukasema mbele ya waombolezaji nifute jina lako kwenye masanduku. Sijapata nafasi ya kulifuta.

Dada yako,
Nélida


Tacna
6 Aprili 2024

Dada Nélida,

Shikamoo. Mimi na wenzangu hapa hatujambo. Joto limeanza kupungua. Jibini lilifika zima, soksi nimezivaa. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Mwezi wa Machi watu wanarudi kutoka likizo na mizigo inakuwa mingi. Nakutumia zeituni, mtungi mkubwa ni wa mama, mdogo ni wako. Nasikitika kwa ukuta.

Kuhusu mashine. Zile zisizo na wino tunaziona sana hapa. Karatasi yake haipendi jua wala joto, na ndani ya tumbo la basi kuna joto. Lakini kwa siku nane haiwezi kufutika mpaka isisomeke kabisa. Inafifia tu, inakuwa kama kijivu. Kwa hiyo kuna kitu kingine. Nani anafunga masanduku siku hizi, na anayafunga kwa kitu gani? Nauliza kwa sababu sanduku la jibini lilifungwa kama ngome. Lile uliliandika kwa kalamu, ndiyo maana lilifika.

Usiirudishe mashine dukani kabla hujajua. Wala usinunue nyingine.

Kwenye stoo yetu kuna rafu ya mizigo isiyo na jina. Mizigo ya Lima yote ya upande huu inaishia hapo. Sijapata muda wa kuipekua vizuri.

Kuhusu jina, nilisema nilichosema. Umeshalifuta?

Mdogo wako,
Zósimo


San Agustín de Cajas
20 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Zeituni zimefika. Mama aliweka sahani yake mezani na sahani nyingine pembeni, akazigawa nusu kwa nusu, na hakuna aliyekuja kula ile nusu ya pili. Nimezila mimi siku ya tatu. Herlinda anasema mkwe wake ni mvivu. Miezi miwili tu na ameshajua. Baridi imeanza kuingia mapema, tutavuna viazi kabla ya wakati. Nimekuwekea mahindi makavu na mkate, ukifika mgumu uloweke kwenye maziwa, usijifanye umesahau.

Unaandika "mimi na wenzangu". Wenzako gani? Hukutaja hata mmoja. Mtu mwenye wenzake huandika kwamba fulani anakusalimu.

Nilitafuta kujua, kama ulivyosema. Nilibandika lebo mbili kwenye ubao karibu na chungu ninachofukizia sufu, mahali palipo na joto kama tumbo la basi lako. Moja niliiacha wazi. Nyingine niliifunika kwa selotepu pana, ile ya kung'aa. Wiki moja baadaye ile ya wazi ilikuwa imepauka lakini ungeisoma bila miwani. Ile ya selotepu ilikuwa karatasi nyeupe. Si kwamba imefifia, Zósimo. Nyeupe, kama haijawahi kuandikwa. Gundi inakula maandishi.

Muuzaji nilipompelekea ubao aliuzungusha zungusha, akaniuliza kwani nani anaweka selotepu juu ya lebo ambayo tayari inanata. Nikamwambia kila mtu huku milimani aliyewahi kutuma sanduku msimu wa mvua. Akacheka, akasema basi ni kosa la mvua. Nilimwacha acheke.

Anayefunga ni mama. Nani mwingine? Amefunga masanduku ya nyumba hii tangu hatujazaliwa: raundi tatu kwa urefu, tatu kwa upana, kisha msalaba juu ya jina ili maji yasilifikie. Nilimwambia, mama, Lima hakunyeshi. Akanijibu, "Ndiyo maana siuamini."

Nilimwonyesha ubao, nikamweleza, akaelewa. Alinieleza mimi vizuri kuliko nilivyomweleza yeye: gundi inakula maandishi, mwanangu, usiweke. Halafu akachukua selotepu, akaweka. Kesho yake nikaeleza tena, akashangaa tena, akaweka tena. Nikaificha. Juzi akatoka kwenda kununua nyingine. Duka liko kona ya pili. Walimkuta kwenye barabara kuu ya Huancayo, kandambili miguuni na sarafu kiganjani, anauliza kila dereva duka la don Abdón, ambalo lilifungwa wewe ukiwa darasa la nne. Dereva wa teksi aliyemrudisha alikataa nauli. Akaniambia, "Mama yako ananiita Zósimo, nimeona vibaya kumkatalia."

Nilikuandikia kwamba yu mzima. Ni mzima. Anakula.

Siandiki haya ili uje. Uliuliza nani anafunga, nami nimejibu. Sasa ninafungia masanduku stoo ya nyuma, mlango nimeukomea kwa ndani, na yeye anakaa upande wa pili akisikiliza mkasi. Hiyo ndiyo hali.

Na hilo la jina. Lebo zote kumi na moja zilikuwa na lako. Ulitaka lifutwe, basi lilifutika, na langu pamoja nalo, ndiyo maana kofia hazikujua zirudi kwa nani. Umeridhika?

Ipekue hiyo rafu.

Nélida


Tacna
31 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Natumaini viazi vimetoka vizuri. Mkate ulifika mgumu, niliuloweka.

Masanduku yako yamepatikana. Yalikuwa kwenye ile rafu, lebo zote nyeupe. Mzigo usio na jina hapa unasubiri miezi mitatu, kisha unapigwa mnada. Ilibidi nimwombe mkuu wa stoo ayaondoe kwenye orodha ya mnada. Aliniuliza nitathibitishaje kwamba ni ya ndugu zangu wakati hayana hata herufi moja. Nikamwonyesha msalaba wa selotepu. Nikamwambia namjua aliyefunga. Akasema msalaba si kitambulisho. Nikamwomba afungue lolote, nikamwambia kabla hajafungua kwamba ndani ya utepe wa kofia, upande wa kushoto, kuna mshono mmoja wa uzi mwekundu. Akafungua, akauona. Akaniacha nichukue.

Nakurudishia kwa basi la leo. Nimeandika anwani kwa kalamu.

Mashine. Nunua ile ya utepe. Usichukue utepe wa nta tupu maana unakwaruzika, mwambie muuzaji akupe ule wa nta iliyochanganywa na utomvu, na lebo za karatasi ya kawaida, zisiwe zile zinazogeuka nyeusi. Hakikisha utepe ni mpana kuliko lebo, la sivyo kichwa cha mashine kinalika. Hapa stoo tunayo moja. Nilichapa lebo ya majaribio, nikaifunika kwa selotepu kama mama anavyofunika, raundi zote na msalaba, nikaiweka juu ya bati wiki mbili. Haikubadilika. Nimeiweka humu uione mwenyewe.

Kwa hiyo hakuna haja ya kumkataza. Aendelee tu kufunga. Fungua huo mlango wa stoo, dada.

Mimi sijambo.

Zósimo


San Agustín de Cajas
Jumatano, 12 Juni 2024

Mdogo wangu Zósimo,

Marahaba. Baridi sasa ni kali, asubuhi ndoo ya maji inaamka na ngozi ya barafu. Viazi tumevuna vya kutosha. Herlinda amemfukuza mkwe na amemrudisha, yote ndani ya wiki moja. Ninakutumia blanketi, kwa sababu umeandika "sijambo" bila wenzako safari hii, na mtu anayelala peke yake anahitaji blanketi nzito. Usinijibu hilo. Nimeelewa.

Mashine ya utepe nimeinunua. Kila lebo sasa inanila karibu mara mbili ya zamani, na nimeshapiga hesabu hiyo kila upande, haipungui. Nimenunua hivyo hivyo. Mlango wa stoo nimeufungua na selotepu nimeirudisha kwenye droo yake. Mama aliiona mara moja. Alivuta kiti, akaketi, akaanza kufunga, na mchana kutwa sikusikia akiuliza duka la mtu yeyote. Mashine inachapa lebo za majaribio tu kwa sasa, maana fundi wa duka hajaja kuipanga, kwa hiyo anafunga masanduku matupu. Namwacha.

Masanduku yamefika. Nimeyahesabu.

Ni kumi. Uliandika "masanduku yako yamepatikana", hukuandika idadi, na mimi unanijua. Nyeusi zote kumi zimo. Ya kahawia haimo. Kichwa namba 58, rangi ile ile ya kofia ya baba, kwa sababu mzee wa Ilo aliiagiza hivyo na mimi nilipoitengeneza nilitumia kalibu ya kichwa cha baba. Katika ukoo wetu vichwa vya 58 vilikuwa viwili, na kimoja tumekizika. Mzee wa Ilo nimemtengenezea nyingine, imefika, ameshukuru. Kwa hiyo hakuna anayeidai hiyo. Ivae, isikae ndani ya sanduku inapata nondo. Na upande wa kushoto, pale kwenye uzi mwekundu, ndipo panapoanza kulegea. Usiishike hapo unapoivua.

Nimejiuliza uliiona lini. Barua yako ya Aprili inasema hujapata muda wa kuipekua rafu. Lakini katika barua hiyo hiyo uliniuliza nani anafunga, na anafunga kwa kitu gani. Mtu haulizi swali hilo kama hajaona sanduku lenye lebo nyeupe na msalaba juu yake. Uliyaona mapema, labda hata kabla ya kanivali kwisha. Uliyajua ni ya nani. Ukayaacha pale rafuni, ukawa unayaona kila siku unapoingia kazini. Miezi mitatu na zaidi. Nilikasirika nilipofika hapo kwenye hesabu. Nilitaka kukuandikia mambo ambayo baba asingeruhusu yatoke ndani ya sanduku. Kisha nikawaza hiyo stoo, na wewe ndani yake, na kitu pekee cha nyumbani kikiwa kwenye rafu ya vitu visivyo na mwenyewe. Basi. Nimeliacha.

Sasa lebo yako ya majaribio. Inasomeka vizuri, umejaribu vizuri. Umechapa: Kwa doña Eufrosina, San Agustín de Cajas. Mama ameipenda, ameiweka kwenye fremu ya kioo pale kwenye picha ya baba. Siku aliyoiona mara ya kwanza aliipapasa akauliza, "Nani kaniandikia?" Nikaichukua nimsomee. Sehemu ya mtumaji umeiacha tupu. Nilimsomea jina lake mara mbili, kisha nikairudisha mkononi mwake. Ameniuliza tena jana. Ataniuliza tena kesho.

Kwa hiyo sikiliza. Fundi wa duka anakuja Jumamosi tarehe 22 kuipanga mashine. Jina la mtumaji linaingizwa mara moja, na kuanzia hapo linatoka kwenye kila sanduku linalotoka nyumba hii, iwe Lima, iwe Ilo, iwe wapi. Fundi ameshanipigia kuniuliza aandike nini. Nimemwambia angoje. Miaka miwili nimekuwa nikisema sijapata nafasi ya kulifuta lako, na wewe ulijua, na mimi nilijua kwamba unajua. Kwa mashine ile ndogo tungeweza kuendelea hivyo, kwa sababu maandishi yake yalikuwa yanaondoka yenyewe. Haya ya sasa hayaondoki. Umeyapima wewe mwenyewe juu ya bati. Siwezi kuweka jina la mtu asiyetaka kuwemo, na siwezi kulitoa la mtu ambaye anahifadhi kofia ya kichwa chake na ananyamaza.

Karakana siuzi. Hilo lilikwisha, halirudi mezani. Sikuombi uache kazi yako, wala sikuulizi utakuja lini. Nikikuuliza utaniandikia kwamba mwezi huu mizigo ni mingi. Nakuuliza kitu kimoja tu, na ni kidogo: majina mawili, au moja?

Usinijibu kwa barua, maana barua yako itafika fundi ameshaondoka. Usitume zeituni. Usiseme tutaona. Piga simu ya karakana. Namba ni ile ile ya wakati wa baba, hujaisahau, uliikariri kabla ya kujua kusoma. Nitakuwa nimeshika mkasi, kwa hiyo mama ndiye atakayepokea, na atakuuliza wewe ni nani. Mwambie. Akiuliza tena, mwambie tena. Kisha mwambie anipe simu, unipe jibu.

Nalitaka kabla ya Ijumaa, tarehe 21 Juni, saa kumi na mbili jioni: mawili, au moja?

Nélida